Handaki lilikuwa zima, majina yakapita nje

Ujumbe ulinifikia saa 3 usiku. "Kaka, handaki lako linabagua. Tovuti nyingine zinafunguka vizuri, nyingine zinazunguka tu mpaka kivinjari kinakata tamaa. Nimezima na kuwasha mara nne."

Aliyeandika ni mwenzangu kazini, mkaguzi wa hesabu, akiwa siku ya 11 ya safari ya wiki tatu. Alikuwa amepanga kwenye hosteli yenye Wi-Fi moja inayotumiwa na kila mgeni, na kila jioni kazi ilimlazimu aingie mtandaoni. Handaki la SSH, yaani njia iliyosimbwa inayobeba mawasiliano ya laptopu hadi kwenye seva nyingine kabla hayajaingia intaneti, nilimtengenezea mimi kabla hajaondoka. Mimi ndiye niliyemwambia pia, kwa maneno haya haya: "Ukishaliwasha, wenye mtandao hawataona unafungua nini." Maneno hayo hayakuwa ya kweli. Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kosa lenyewe ni rahisi kulifanya, halitoi sauti yoyote, na nimelikuta hata kwa watu makini kunizidi.

Nianze na tulivyopanga. Laptopu yake ilikuwa na Linux, na kivinjari ni Firefox toleo la 115. Upande wa pili kulikuwa na seva ndogo ya kukodi ninayoisimamia mwenyewe, yenye OpenSSH, programu ya kuendeshea SSH. Hapa nitaiita 203.0.113.10, anwani iliyotengwa kwa ajili ya mifano, na majina ya tovuti nayo nimeyabadilisha. Alitengeneza jozi ya funguo za ed25519 kwenye laptopu yake, akanitumia ule wa wazi tu; wa siri haukutoka kwake. Kwenye seva nilimfungulia akaunti isiyo na kazi nyingine ila kupitisha mawasiliano:

Match User msafiri
    AllowTcpForwarding local
    PermitTTY no
    X11Forwarding no

Na kwenye faili la ~/.ssh/config la laptopu yake tuliandika hivi:

Host handaki
    HostName 203.0.113.10
    Port 443
    User msafiri
    DynamicForward 127.0.0.1:1080
    ServerAliveInterval 30
    ExitOnForwardFailure yes

Kila jioni akawa anaandika ssh -N handaki kwenye terminali, anaiacha wazi, kisha anafungua Firefox iliyoelekezwa kwenye proksi ya SOCKS v5, yaani mpatanishi anayepokea maombi ya programu na kuyapitisha handakini, anwani 127.0.0.1 (laptopu yenyewe), poti 1080 (namba ya mlango kwenye mashine). Poti 443 upande wa seva tuliichagua kwa sababu mitandao mingi ya wageni huifunga 22. Kufanya hivyo hakufichi kwamba unatumia SSH, kwa sababu mazungumzo huanza kwa mstari wa wazi unaosomeka SSH-2.0-OpenSSH, na msimamizi yeyote mwenye kutaka kujua atauona. Asichokiona ni kinachofuata. Tulisoma pia masharti ya hosteli yaliyobandikwa ukutani, hayakukataza. Ingekuwa mtandao wa mwajiri, ningemwambia aombe ruhusa kwanza.

Kuna jambo moja tulilifanya sawasawa siku ya kwanza, na ningependa lisipotee katikati ya makosa. Alipounganisha mara ya kwanza, SSH ilimwonyesha alama ya ufunguo wa seva, ule mstari unaoanza na SHA256: ukifuatiwa na herufi nyingi zisizo na maana, ikamwuliza kama anaikubali. Watu wengi huandika yes bila kuusoma. Yeye alinipigia simu akanisomea herufi moja moja, nami nikizifuata kwa kidole kwenye seva, nilikotoa alama hiyo kwa ssh-keygen -lf. Ilichukua dakika mbili. Dakika hizo mbili ndizo zinazokuhakikishia kwamba upande wa pili wa handaki kuna seva yako, na si mashine ya mtu aliyejiweka katikati. Usimbaji uwe imara vipi, ukizungumza kwa siri na mtu asiye sahihi umempa kila kitu.

Kisha nikafanya jaribio ambalo karibu kila mtu hulifanya, na hapo ndipo nilipopotea. Nilimwambia afungue tovuti inayokuonyesha anwani yako ya intaneti. Ikaonyesha 203.0.113.10, ile ya seva, si ya hosteli. Tukafurahi. Nikasema limefanya kazi, na kweli lilikuwa limefanya kazi. Ila jaribio hilo hujibu swali moja tu: tovuti niliyoifungua inaniona natokea wapi? Swali lililomhusu yeye lilikuwa jingine kabisa: hosteli inaona nini kikitoka kwenye laptopu yangu? Hilo sikulijaribu.

Nirudi kwenye ule ujumbe wa usiku. Tovuti zilizogoma zilikuwa tatu, mojawapo ya kuhifadhia mafaili, ambayo mteja wake alikuwa ameweka nyaraka. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba seva imezidiwa. Nikaingia, nikakuta imetulia, haina mzigo. Wazo la pili, kwamba tovuti hizo zinakataa anwani za seva za kukodi; zipo zinazofanya hivyo. Lakini nilipozifungua kutoka kwenye seva yenyewe kwa curl, programu ya kufungulia tovuti kwa amri, zote tatu zilijibu papo hapo.

Basi seva inazifikia, handaki lipo, na yeye hazioni. Nikafungua kumbukumbu za sshd, programu ya SSH upande wa seva, kuangalia kama kuna malalamiko. Yalikuwepo, tena mengi, ya tangu siku ya kwanza:

error: connect_to 10.20.0.9 port 443: failed.

Nikaukodolea macho mstari huo. Anwani zinazoanza na 10 ni za ndani ya mtandao binafsi; hazipatikani kwenye intaneti ya wazi. Seva yangu haina jirani yeyote anayeitwa 10.20.0.9. Kwa nini basi mwenzangu anaiomba seva imtafutie mashine ya namna hiyo?

Nikamwomba azime handaki na kuliwasha upya kwa ssh -vv -N handaki, ambayo huifanya SSH isimulie kila inachofanya, kisha ajaribu tena ile tovuti ya mafaili na kunitumia picha ya terminali. Katikati ya mistari mingi kulikuwa na huu:

socks5 host 10.20.0.9 port 443 command 1

Na baada ya muda:

channel 3: open failed: connect failed: Connection timed out

Nikaisogeza picha juu na chini. Kila ombi, hata la tovuti zilizofunguka vizuri, lilikuwa na tarakimu baada ya neno host. Hapakuwa na jina hata moja. Mwili ukanisisimka, kwa sababu sasa nilijua tatizo ni nini, na nilijua limekuwepo kwa siku 11.

Hapa inabidi nieleze kinachotokea, maana bila hicho kisa hakieleweki. Unapoandika jina la tovuti, lazima kwanza kuwe na wa kuligeuza jina hilo kuwa anwani ya tarakimu. Hiyo ndiyo kazi ya DNS. Kwa kawaida laptopu yako huiuliza seva ya DNS iliyopewa na rauta ya mtandao uliopo, na swali hilo husafiri likiwa wazi, bila kusimbwa, kupitia poti 53. Baada ya kupata jibu, ndipo kivinjari hufungua mawasiliano yenyewe.

Ukiweka proksi ya SOCKS, kuna njia mbili. Itifaki ya SOCKS toleo la 5, iliyoandikwa rasmi mwaka 1996 katika hati ya viwango vya intaneti iitwayo RFC 1928, inamruhusu mwombaji kuiambia proksi "niunganishe na anwani hii" au "niunganishe na jina hili, ulitafute wewe mwenyewe." Njia ya kwanza ina maana laptopu imeshauliza DNS yenyewe, nje ya handaki, kabla ya kuligusa handaki. Njia ya pili ina maana jina linaingia handakini likiwa jina, linatoka upande wa pili, na seva ndiyo inayouliza. Tofauti hiyo imebebwa na baiti moja tu. Ombi lililotoka kwenye Firefox ya mwenzangu lilikuwa hivi:

05 01 00 01 0a 14 00 09 01 bb

Tulisome pole pole; tarakimu zimeandikwa kwa mfumo wa msingi wa 16. 05 ni toleo la SOCKS. 01 ni amri ya kuunganisha. 00 haina kazi. 01 inayofuata ndiyo yenye kisa chetu: inasema "kinachofuata ni anwani ya IPv4." Halafu 0a 14 00 09, yaani 10.20.0.9, na mwisho 01 bb, ambayo ni 443. Ombi tulilolitaka lilikuwa hili:

05 01 00 03 11 66 69 6c 65 73 ...

Baiti ya nne ni 03: "kinachofuata ni jina." 11 ni urefu wake, herufi 17, kisha jina lenyewe linaanza: f, i, l, e, s. Siku 11 za majina kupita nje zilitokana na 01 kusimama mahali pa 03.

Kwa nini Firefox ilichagua 01? Kwa sababu kwa miaka mingi ndivyo ilivyokuwa ikija. Mpangilio unaoitwa network.proxy.socks_remote_dns ulikuwa umezimwa mpaka uuwashe mwenyewe, iwe kwenye about:config, ukurasa wa mipangilio ya ndani ya Firefox, au kwa kuweka tiki kwenye kisanduku kidogo chini ya dirisha la proksi. Firefox 128, iliyotoka mwaka 2024, ndiyo iliyoanza kuuwasha yenyewe kwa SOCKS v5. Laptopu yake ilikuwa na 115. Yangu, ambayo nilikuwa nikiitazama huku nikimwelekeza kwa simu, ilikuwa mpya kuliko hiyo. Kisanduku changu kilikuwa na tiki, chake hakikuwa nayo, nami sikumwuliza.

Sasa zile tovuti tatu zikaeleweka. DNS ya hosteli ilikuwa na orodha ya tovuti ilizozizuia. Ukiliuliza jina lililo kwenye orodha, haikupi anwani ya kweli, inakupa 10.20.0.9, mashine ya ndani yenye ukurasa wa "tovuti hii imezuiwa." Mgeni asiye na handaki huuona ukurasa huo. Mwenzangu hakuuona, kwa sababu Firefox yake ilichukua 10.20.0.9 na kuikabidhi kwa handaki, handaki likaifikisha kwa seva yangu mbali huko, na seva ikahangaika kumtafuta 10.20.0.9 asiyekuwepo kwake. Tovuti zisizozuiwa zilipewa anwani za kweli, kwa hiyo zilifunguka bila shida.

Kwa maneno mengine, bila lile zuio la hosteli tusingegundua lolote. Kila tovuti ingefunguka, jaribio la anwani lingeendelea kuonyesha 203.0.113.10, naye angerudi nyumbani akiamini alikuwa amejificha. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote katika kisa hiki.

Ili yeye mwenyewe aone, na asilazimike kuniamini mara ya pili kwa maneno matupu, nilimwomba afungue terminali nyingine na kuwasha tcpdump, programu inayoonyesha kila kinachopita kwenye kadi ya mtandao, iangalie poti 53 ya DNS:

sudo tcpdump -ni wlp2s0 port 53

wlp2s0 ni jina la kadi ya Wi-Fi kwenye laptopu yake. Kisha akafungua tovuti ya mafaili. Handaki likiwa limewaka, likiwa zima kabisa, ikatokea mistari hii:

21:14:07.331820 IP 10.20.4.37.51514 > 10.20.0.1.53: 4312+ A? files.example.net. (35)
21:14:07.334105 IP 10.20.0.1.53 > 10.20.4.37.51514: 4312 1/0/0 A 10.20.0.9 (51)

Jina limeandikwa wazi, pamoja na saa mpaka sehemu ndogo za sekunde, na anwani ya laptopu yake. Akafungua nyingine, nayo ikaandikwa. Akakaa kimya kwa muda kwenye simu, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo wanajua kuhusu mama?"

Sikuwa nimejua hadi wakati huo. Mama yake alikuwa amepimwa akakutwa na ugonjwa mkubwa wiki moja kabla ya safari, na usiku, baada ya kazi, mwenzangu alikuwa akisoma tovuti za hospitali na za wagonjwa wenye ugonjwa huo. Nilimjibu ninachokijua, wala sikumpunguzia. Kurasa alizosoma, maneno aliyotafuta, nenosiri lolote, nyaraka za wateja, hayo yote yalipita ndani ya handaki, na hosteli haikuweza kuyaona. Majina ya tovuti na saa alizozifungua vilipita kwenye DNS yao bila kufunikwa. Kama kuna anayeyahifadhi au kuyasoma, hatuna njia ya kuthibitisha tukiwa upande wetu. Lakini jina la tovuti ya ugonjwa mmoja, likiulizwa saa 5 usiku mara kumi kwa wiki, halihitaji ukurasa wake kusomwa ili mtu aelewe.

Kuna watakaosema siku hizi tovuti karibu zote ni HTTPS, basi handaki la nini? Jibu ni hayo hayo majina. HTTPS inasimba yaliyomo, lakini jina la tovuti huulizwa DNS waziwazi na, mara nyingi, hutajwa tena waziwazi mwanzoni mwa mazungumzo ya TLS, usimbaji ulio ndani ya HTTPS. Kwa mtu kama mwenzangu, majina ndiyo yaliyokuwa siri kubwa. Handaki lake lilifunika lile la pili, likaacha la kwanza.

Marekebisho yenyewe hayakuzidi dakika moja. about:config, socks_remote_dns, true, funga na fungua Firefox. Akarudia tcpdump ile ile, akafungua tovuti tano mfululizo. Terminali ikabaki tupu. Kwenye ssh -vv sasa ukaonekana mstari socks5 host files.example.net port 443 command 1, jina badala ya tarakimu, na ile tovuti ya mafaili ikafunguka. Aliona pia kitu ambacho hatukukitarajia: baadhi ya tovuti kubwa zilikuwa zinafunguka haraka zaidi. Huduma kubwa hukupa anwani ya mashine iliyo karibu na aliyeuliza. Kabla ya hapo aliyeuliza alikuwa hosteli na aliyeunganisha alikuwa seva ya mbali, kwa hiyo data ilikuwa ikitoka kwenye seva na kurudi kuelekea hosteli, kisha kuzunguka tena. Sasa anayeuliza na anayeunganisha ni mmoja.

Kwa wanaotumia curl, mtego ni huo huo katika vazi jingine: socks5:// hutafuta jina kwenye mashine yako, socks5h:// huliacha proksi ilitafute. Herufi h peke yake. Nimeona skripti zilizoandikwa vizuri kabisa zikiwa zimeikosa.

Ningeweza kuishia hapo, lakini nilikuwa nimeshamwambia mara moja kwamba yuko salama bila kuangalia. Safari hii nikamwomba tugeuze swali. Badala ya kuangalia poti 53 tu, tuangalie kila kisichoelekea kwenye seva yangu:

sudo tcpdump -ni wlp2s0 not host 203.0.113.10

Akaiacha iende kwa robo saa huku akifanya kazi zake za kawaida. Nilitegemea ukimya. Haukuwepo. Baadhi ya mistari ilikuwa ya kawaida ya mtandao wowote, kama maswali ya ARP (mashine kuulizana nani ana anwani gani), laptopu kujitangaza kwa majirani kwenye poti 5353, na saa kujisahihisha kwenye poti 123. Lakini kila dakika kumi programu ya barua pepe ilikuwa ikiuliza DNS jina la seva ya barua ya ofisi, kisha kuunganisha nayo moja kwa moja kwenye poti 993. Programu hiyo haikuwa imeambiwa chochote kuhusu proksi. Sisi tulielekeza kivinjari, na kivinjari peke yake ndicho kilichotii. DynamicForward haibadilishi njia ya mashine nzima, inafungua mlango mmoja kwenye 127.0.0.1, na programu isiyojua mlango huo huendelea na njia yake ya zamani. Barua zenyewe zilikuwa zimesimbwa kwa TLS, ila jina la ofisi lilikuwa wazi kila dakika kumi mchana kutwa. Tukaiwekea proksi kwenye mipangilio yake, na majina yatafutwe upande wa seva, kisha tukairudia tcpdump.

Halafu akaingia kwenye mkutano wa video, ndani ya Firefox ile ile iliyorekebishwa. Pakiti za UDP, njia ya kutuma data haraka bila kusubiri uthibitisho, zikamiminika kuelekea poti 3478, nje ya handaki, moja kwa moja kutoka hosteli.

Hili lilinichukua muda kumweleza vizuri. Lile command 1 tuliloliona kwenye kumbukumbu ni amri ya kuunganisha kwa TCP, njia inayohakikisha kila kipande cha data kinafika kwa mpangilio. RFC 1928 ina amri tatu: 1 ya kuunganisha, 2 ya kusubiri kuunganishwa, na 3 ya kupitisha UDP. OpenSSH inajua ya kwanza tu. Kurasa za kawaida hazina shida na hilo. Hata tovuti zinazopendelea HTTP/3, inayotembea juu ya UDP, hurudi kwenye TCP kivinjari kikiwa na SOCKS. Lakini mikutano ya video hutumia WebRTC, teknolojia ya sauti na video ndani ya kivinjari, nayo hutafuta njia yoyote ya UDP inayopatikana, hata kama ni kwa kuipita proksi pembeni. Tukaweka media.peerconnection.ice.proxy_only kuwa true. UDP ikakoma. Mkutano uliofuata ulifanyika, lakini sauti ilikuwa inakatika na kuchelewa, kwa sababu sasa sauti ilibebwa na TCP, tena kwenye muunganisho mmoja unaobeba kila kitu chake kingine. Pakiti moja ikipotea, zote zilizo nyuma yake husubiri. Aliamua mikutano ya video aifanyie ofisini kwa mteja. Nakubaliana naye. Handaki la SSH ni zuri kwa kusoma na kuandika, si kwa kuzungumza.

Mwenzetu mwingine wa ofisini, aliposikia kisa, alipendekeza tutumie faili la PAC ili kivinjari chenyewe kichague lini kipite handakini. Nilikataa kwa sababu mbili. Mafaili mengi ya PAC humalizia kwa neno DIRECT, maana yake proksi ikifa pita moja kwa moja, na kwa mtu anayetaka kufichwa hilo ni baya kuliko kukosa mtandao. Firefox iliyoelekezwa moja kwa moja kwenye 127.0.0.1:1080 hugoma handaki likikatika. Inaudhi, lakini ndivyo inavyotakiwa. Pili, ndani ya PAC watu huweka dnsResolve au isInNet, na vitendo hivyo hutafuta majina kwenye mashine yako wewe. Tungekuwa tumeziba tundu kwa kifaa chenye tundu lile lile.

Palikuwa na shida moja ya kila siku niliyoidharau. Wi-Fi ya hosteli ilimtaka kila asubuhi aingie kwenye ukurasa wake wa kuingilia na kuandika namba ya chumba. Ukurasa huo haupatikani kupitia handaki, na handaki halifunguki kabla ya ukurasa huo. Kwa hiyo kila asubuhi alikuwa anaondoa proksi, anaingia, kisha anairudisha. Aliniambia, bila kuulizwa, kwamba siku ya sita alisahau kuirudisha mpaka mchana. Tukatenganisha: wasifu mmoja wa Firefox kwa ajili ya ukurasa wa hosteli tu, hauna nywila wala alama yoyote iliyohifadhiwa, na wasifu wa pili wenye proksi isiyoguswa kamwe. firefox -P humpa dirisha la kuchagua. Tangu hapo hakuna cha kukumbuka kurudisha.

Nilibaki na deni moja kwake, nikalilipa kabla hatujakata simu. Majina yaliyokuwa yakionekana na hosteli sasa yanatafutwa na seva yangu. Kwa kiwango cha kawaida cha kumbukumbu, sshd haiandiki kila tovuti inayofunguliwa, lakini inaandika zilizoshindikana, kama tulivyoona, na jina lililokosewa herufi litaandikwa humo pia. Kampuni inayonikodisha seva inaona mawasiliano yanayotoka pale. Na tovuti ya HTTP isiyo na S inasomeka yote tangu inapotoka kwenye seva. SSH ilizaliwa mwaka 1995, pale Tatu Ylönen alipoiandika katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki baada ya nywila kudukuliwa kwenye mtandao wa chuo; kazi yake tangu mwanzo ni kulinda njia kati ya mashine mbili. Baada ya mashine ya pili haina neno. Nikamwambia: hosteli tumeitoa, mimi nimeingia mahali pake. Umenifahamu miaka minane, lakini ni vizuri ujue kwamba ninaweza kuona.

Akasema, "Kaka, wewe nakujua. Wale siwajui."

Kisha akauliza kuhusu simu yake, iliyokuwa kwenye Wi-Fi ile ile kwa siku zote 11, na ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa ameifikiria. Kwa usiku ule hatukuwa na suluhisho lake. Aliitoa kwenye Wi-Fi, akaamua kutumia bando lake mwenyewe kwa siku zilizobaki, na tovuti za hospitali akazisoma kwenye laptopu, tcpdump ikiwa wazi pembeni.